Mkono wa Mama Ukutani

Kanisa letu la Lubumbashi lilijengwa na wamisionari waliojivunia mno kwao. Mtindo wake ni ule wa Kivictoria: madirisha marefu yenye ncha juu, mnara wa kengele, na paa lenye mteremko mkali, utadhani walitazamia theluji ianguke Katanga. Nalipenda hivyo hivyo. Ila matofali yake ni ya kwetu. Yalifinyangwa kwa udongo wa vichuguu na kuchomwa papo hapo, kwa hiyo huwezi kupata mawili yanayofanana.

Mama yangu aliyajua kwa mkono. Tangu alipopofuka, kila Jumapili, siku ya Mungu kama aiitavyo yeye, nilimfikisha mlangoni tu. Hapo aliuachia mkono wangu, akagusa ukuta wa kulia, akatembea peke yake hadi kwenye tofali moja lililoungua kupita kiasi tanurini, gumu na lenye vipele. Chini ya tofali hilo ndipo palipokuwa na benchi lake. Nyumbani tulimwongoza kila mahali, hata msalani, naye alinuna. Kanisani alikuwa mtu mzima mwenye njia yake.

Kisha kina mama wa kanisa wakaamua kupamba kuta kwa makaro, vile vigae vyeupe vinavyong'aa, kama kwenye nyumba za wenye nacho. Sababu yao niliielewa. Matofali yale yalitia wekundu kwenye sare zao nyeupe, na kufua ni kazi. Hata hivyo nilikasirika. Ukuta uliowatoa babu zetu jasho, unaufunika kwa kitu cha bafuni?

Nikamwambia Mama kwamba nitakwenda kuwaeleza kuwa ukuta ule ndio macho yake.

"Hapana," akasema. "Usiende kunililia kule. Bamama balichanga, bafanye kanisa yabo muzuri."

"Sasa Mama, mutafika namna gani ku benchi?"

"Nitafika tu. Kanisa haina na miguu."

Wengi wape. Sikwenda, lakini kwa shida.

Jumapili ya kwanza ya makaro, aliuachia mkono wangu kama kawaida. Kiganja chake kikateleza. Akaenda polepole, akipapasa, akalipita benchi lake, akawapita kina mama wote, akaketi kwenye benchi la mbele la wazee wa kanisa, ambako nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke amekaa. Wazee wakasogea. Mmoja akaondoa Biblia yake ili ampishe. Nilitaka kumfuata nikaona nitamwaibisha zaidi. Aliimba nyimbo zote kwa sauti yake ile ile, kichwa juu, na watu wakatabasamu wakidhani ni utundu wake wa siku zote. Mimi niliuchukia ule weupe wa ukuta.

Tulipofika nyumbani aliketi, akapangusa kiganja chake kwenye kitenge ingawa hakikuwa na vumbi.

"Leo nilikala fasi gani?" akaniuliza.

Sikuweza kumdanganya. "Ku benchi ya bazee, Mama."

Akacheka kidogo.

"Siku ya Mungu yenye kuya," akasema, "usiniache ku mulango."