Chumvi ya Jirani katika Shimo la Wapolinesia

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu watu wa visiwa vya Polinesia wakifukua chakula ardhini: mvuke, majani ya migomba, mawe ya moto. Mimi, ambaye safari yangu ndefu siku hizi ni kutoka kitandani hadi kiti cha barazani, nikashikwa na kiu. Kiu ya zamani, rafiki yangu.

Nilikuwa shule ya msingi hapa Kasese. Mwalimu wetu, mgeni kutoka Buganda, alivipenda visiwa vile kama kwao. Kila Ijumaa mchana alitufundisha desturi zao, tukacheza ngoma zao tumevaa majani makavu ya migomba. Mimi nilicheza kama kuku aliyefungwa mguu. Wazazi wakanung'unika: mtihani hauulizi viuno! Basi mwalimu akawaalika waje wale kama wanavyokula wenyeji wa kule, ndipo waamue kama Ijumaa zetu ziendelee.

Shimo likachimbwa, moto ukawashwa. Mawe ya mtoni yakapasuka, pa! Sisi tukiwa tumeenda kukata majani, mwalimu akaona mabamba ya kijivu nyuma ya duka la mama jirani, akayadhani mawe, akayabeba. Tuliporudi yalikuwa tayari yamefukiwa pamoja na magimbi na samaki wa ziwani kutoka Kahendero.

Desturi ya visiwani, alitueleza, mkubwa huonja kwanza. Mkubwa alikuwa bibi yangu. Akaonja. Akafumba macho. Papo hapo jirani akaingia anapiga kelele:

"Wallahi, nani amepika chumvi yangu ya ng'ombe? Nimeitoa ziwani Katwe juzi tu!"

Wazazi wakaanza kucheka. Mwalimu akainamisha kichwa; nikaona Ijumaa zetu zimekwisha.

Bibi akameza. "Mama, nyamaza kwanza. Watu iko nakula." Akanyoosha sahani. "Mwalimu, ongeza."

Mkubwa akishakula, nani atakataa? Walikula wote, wakitokwa machozi, na Ijumaa zikabaki.

Jioni bibi alikaribia kumaliza mtungi wa maji. Nikamcheka. Akasema, "Mutoto, aibu ya mugeni unaimeza. Hautemi."

Mwalimu alihamishwa baadaye, Ijumaa zikafa bila mtu kuzililia. Palipokuwa na shimo pana vyoo. Bibi amelala mlimani, nami siwezi tena kupanda kung'oa magugu kaburini pake.

"Mjomba," mpwa akauliza, "hicho chakula kina ladha gani?"

Nikamwambia alete maji kwanza.