Maoni ya Mzazi

Kazi yangu darasani, kwa miaka minne, ilikuwa kumchoma Shangazi kwa kalamu. Si kwa ubaya. Tulikaa dawati moja, na kila kipindi cha tatu kilipoingia, kichwa chake kilianza kuinama taratibu mpaka paji la uso likagusa daftari. Namchoma ubavuni, anashtuka, anasema, "Nasikiliza, mwanangu, endelea," kana kwamba mwalimu ni mimi.

Jina la Shangazi tulimpa sisi. Tulipomaliza alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kwetu huo ni uzee. Saa kumi alfajiri alikuwa tayari yuko chumba cha kufulia cha hospitali, akitoa mashuka kwenye mashine, akiyakunja mara nne. Saa moja na nusu yuko mstarini nasi, ananukia sabuni, vidole vimechubuka kwa dawa. Shule aliiacha akiwa na mimba. Mtoto alipofika miaka kumi na miwili, mama mtu akarudi kuanza kidato cha kwanza, na watu wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Muhula wa kwanza alirudisha ripoti bila saini. Karani akamrudishia.

"Sehemu ya mzazi iko wazi."

"Mzazi ni mimi. Nina mtoto."

"Hapa wewe ni mwanafunzi, mama. Peleka nyumbani isainiwe."

Nyumbani hapakuwa na mtu mzima mwingine. Mama yake alishafariki, na mwanamume aliyempa mimba alimwachia mtoto jina la ukoo, basi. Mtoto wake, yule binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa anaosha vyombo. Akafuta mikono kwenye gauni, akasema, "Lete nikusainie." Akasaini kwa herufi kubwa zilizopinda, na kwenye maoni ya mzazi akaandika: *Nimemwonya. Apunguze kusinzia.*

Shangazi aliponionyesha, tulicheka mbavu hatuna. Karani aliipokea bila swali, fomu imejaa, yeye shida yake ni fomu. Ikawa ndiyo kawaida. Kila muhula, juu ya meza moja ya jikoni, mama anasaini ya mtoto na mtoto anasaini ya mama. *Hesabu bado. Nitamkalia.* Mwaka uliofuata: *Amejitahidi, ila asivimbe kichwa.*

Mambo yaliharibika binti alipochaguliwa kuja shule yetu, sisi tukiwa kidato cha tatu.

"Mama, shuleni usiniite," alimwambia. "Watanicheka."

Na Shangazi akakubali! Niliposikia, damu ilinichemka. Kwa kuwa binti alitumia jina la baba yake, aliyejua kuwa ni mama na mwana ni mimi peke yangu. Siku moja Shangazi alijikwaa karibu na bomba la maji, daftari zikatawanyika, na yule mtoto akaziruka akaenda zake na wenzake. Nilitaka kumzaba kibao.

"Mwache," Shangazi akaniambia, anaokota. "Hata mimi nimejichoka, sembuse yeye."

Siku ya mahafali, utaratibu ulikuwa huu: mzazi anasaini ripoti ya mwisho kwenye meza ya jukwaani, mbele ya watu, ndipo unapewa bahasha yenye barua ya kumaliza shule. Asiyekuwa na mzazi arudi Jumatatu. Shangazi hakuwa na Jumatatu. Hospitali ilitaka barua hiyo kabla ya saa kumi jioni ileile, ndipo wamhamishie stoo ya mashuka, kazi ya kuanza saa tatu asubuhi. Maana yake usingizi. Mwaka mzima alikuwa haongei kingine.

"Umemwambia binti aje kukusainia?" nilimuuliza.

"Nimemwambia. Kanyamaza. Simlazimishi."

Kiranja wetu akasoma kumbukumbu za darasa: ubao uliotuangukia, madirisha yasiyo na vioo, mwalimu wa fizikia aliyeaga anakwenda dukani na hakurudi, na "mwenzetu aliyesoma vitabu kwa paji la uso." Ukumbi ukacheka. Shangazi naye akacheka, macho mekundu. Miaka minne ilisomwa kwa dakika sita, na hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kulia.

Zamu yake ikafika. Mwalimu wa darasa alikuwa na kipaza sauti.

"Mzazi?"

"Mwalimu, nisaini mwenyewe?"

"Huwezi kujisainia, mama. Halafu huyu mzazi wako mimi natamani kumwona! Miaka minne nasoma maoni yake, mzee mkali kweli. Yuko wapi? Asimame tumwone."

Shingo zote zikageuka. Binti alikuwa ukutani na kwaya ya kidato cha pili, anatazama viatu vyake. Nilimkodolea macho mpaka yakaniuma. Wapi. Hakusogea.

"Basi, Mwalimu," Shangazi akasema. "Nitaangalia Jumatatu." Akaishika meza kidogo, kama mtu anayetafuta ngazi gizani, akaanza kushuka.

Ndipo binti akatoka kwenye mstari. Akapita katikati ya ukumbi, akampita mama yake, akachukua kalamu, akasaini. Mwalimu akazitazama zile herufi zilizopinda, akamtazama yeye.

"Wewe ni nani yake?"

"Mtoto wake."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Watu wakaangua kicheko, wenzake wa kwaya ndio wa kwanza, vilevile alivyoogopa. Masikio yalimwiva, lakini hakuinua kichwa. Akasogeza kalamu kwenye mstari wa maoni, akaandika. Mwalimu akasoma, akazima kipaza sauti, akampa Shangazi bahasha kwa mikono miwili.

Walikuja kukaa benchi letu, nikasogea ukutani kuwapa nafasi. Shangazi akanipa ripoti. Nikasoma: *Ameonywa vya kutosha. Aachwe alale.*

Ilikuwa saa saba tu, muda wa kufika hospitali ulikuwepo. Mgeni rasmi akaanza hotuba. Hakuwa amemaliza salamu, kichwa cha Shangazi kikaanza kuinama, kikatua kwenye bega la binti yake. Mkono wangu ukainuka na kalamu, kwa mazoea tu. Yule binti akaushika, akaushusha.