Chui Mmoja na Mbweha Wote wa Kiplombe

Nimefanya kazi chini ya wajinga wengi, lakini yule Kaburu wa Kiplombe aliwapita wote, kwa kuwa ujinga wake ulikuwa na bunduki. Mimi na mume wangu tulifika kwake kutoka Maragoli, bado wageni wa baridi ya Uasin Gishu. Mume wangu alipewa kundi la kondoo wa sufu achunge. Mimi nikapewa chupa na wana-kondoo ambao mama zao walikufa au waliwakataa.

Simba tulikuta wamekwisha. Baba yake Bwana ndiye aliyewamaliza, na vichwa vyao vilikuwa sebuleni, vimetundikwa ukutani, vimeliwa na nondo. Alibaki chui dume mmoja aliyekaa kwenye majabali juu ya mto. Nilipokwenda kutafuta kuni huko chini niliona mifupa. Mwanzoni nilidhani ni ya kondoo, mpaka nilipookota fuvu lenye mdomo mrefu kama wa mbwa, na kando yake kipande cha ngozi nyekundu chenye mgongo mweusi. Mbweha! Na si mmoja. Hapo nikaelewa kwa nini mbweha wa shamba lile walipita mbali na majabali yale, mbio, mkia chini.

Siku moja chui akachukua kondoo dume wa mbegu aliyeletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Bwana alipiga kelele tangu kifungua kinywa hadi saa sita. Nilikuwa nimempelekea memsahib, mke wake, maziwa barazani, nikajitia moyo nikasema, "Bwana, yule chui anakula mbweha. Ukimuua, mbweha watakuja kwa watoto wa kondoo."

Alimtafsiria mkewe kwa lugha yao, wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake kibovu, "Bibi, wewe chunga chupa. Maneno ya nyama ya pori, wacha kwa mwanaume."

Mwanaume huyo alitega mtego wa chuma, na mume wangu ndiye aliyebeba chambo. Asubuhi tulimkuta chui amenaswa mguu wa mbele, ameuguguna mpaka mfupa. Bwana alimpiga risasi kutoka karibu kiasi kwamba hata kipofu asingekosa, kisha akaweka kiatu juu ya mzoga apigwe picha. Majirani walikuja na mikokoteni kumpongeza, kana kwamba alipigana naye kwa mikono. Mume wangu alishika mkia unyooke vizuri kwenye picha. Na mimi nilipiga vigelegele pamoja na wanawake wengine. Hilo sijajisamehe.

Mvua zilizofuata kondoo walizaa, na mbweha wakaja mchana kweupe, wawili wawili. Mmoja alicheza mbele ya mama mpaka amkimbize, na mwenzake akabeba mtoto ambaye bado hajasimama. Mume wangu alirusha mawe na rungu mpaka bega likavimba. Akifukuza hapa, wanabeba pale.

Bwana alipoona kundi limepungua hakuuliza. Aliingia na nyapara katika nyumba yetu, akafunua chungu. Kulikuwa na mrenda, mboga yetu ya majani yenye utelezi.

"Nyinyi nakula kondoo yangu!" akapiga kelele, huku mrenda ukivutika kwenye kijiko alichokishika mwenyewe.

Mume wangu alichapwa kiboko mbele ya stoo, watu wote wakitazama. Hakulia. Usoni kwake niliona aibu ambayo haikuwa yake kuibeba.

Kesho yake nilimkuta mwana-kondoo ambaye mbweha walimwacha nusu. Nilimbeba hadi barazani nikamlaza juu ya sakafu iliyopigwa nta.

"Bwana, tazama meno haya. Mume wangu ana mdomo mdogo hivi?"

Aliinama akatazama kwa muda mrefu. Shingo ikamwiva. Mwishowe akasema neno moja: "Mbwa."

Akazunguka nyumba zetu na bunduki, akaua mbwa wetu wote. Mbwa walewale ambao ndio pekee waliokuwa wakiwafukuza mbweha. Baadaye akatia sumu kwenye nyama akaitupa malishoni. Walikufa tai, wakafa mbwa wake wawili wa kuwindia ambao walilala kitandani mwake. Mbweha walionusa nyama ile waliiruka, wakaenda kutafuta iliyo hai.

Mume wangu aliomba ruhusa ya kuondoka. Bwana alitia sahihi kipande chake, kile cheti cha kazi, upesi, akifurahi kwamba ameondoa mwizi. Tukahamia upande wa Yamumbi, kwa mzungu mwingine, mlevi, ambaye hakuwinda chochote kwa sababu hakuamka mapema. Kwenye bonde lake walikaa chui wawili. Mara moja moja walibeba kondoo. Yeye alitukana, akajimiminia nyingine, akalala. Kondoo wake walijaa kilima kile. Usidhani alikuwa na busara. Alikuwa mvivu tu, na uvivu wake ulimshinda yule hodari.

Miaka baadaye tulimkuta Kaburu wetu mjini Eldoret, nje ya duka la mbegu. Alikuwa ameacha kondoo, akalima ngano, na alimweleza kila aliyemsikiliza kwamba udongo wa Kiplombe haufai kwa kondoo. Mume wangu alivua kofia. Mimi nilisimama tu.

"Nasikia kule kondoo mingi," alisema. "Bwana yenu natia dawa gani?"

"Hatii dawa, Bwana," mume wangu akajibu. "Analala."

Alidhani anadharauliwa, akapanda gari lake akaondoka na ngano yake. Mume wangu alirudisha kofia kichwani, akaniuliza kama bado tunahitaji chumvi. Nikamwambia ndiyo, tukaingia duka la pili.