Madirisha ya Zita

Kule Kibosho, mwanamke akikutwa na mgeni kabla hajafagia uwanja, aibu hiyo humfuata mpaka kanisani Jumapili. Zita alilelewa ndani ya aibu hiyo, na mimi simlaumu kwa alichokifanya. Wapo wanaomlaumu. Hao hawajawahi kushika ufagio.

Kwa miaka kumi na minne alifanya usafi katika nyumba moja ya wageni mjini Moshi, inayopokea wazungu wanaopanda mlima. Alianza kwa sabuni ya mche na maji ya moto. Biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa kila kitu, mwenye nyumba, mzee Rogath, akaanza kununua dawa za kusafishia kwenye madumu yasiyo na jina wala maelezo. Moja ilikuwa ya kuondoa madoa. Nyingine, ya njano, ilikuwa ya vyoo, na ikidondoka sakafuni ilikula saruji. Zita akagundua mwenyewe kwamba ukizitia zote mbili kwenye ndoo moja, vigae vinang'aa mpaka unajiona uso. Alijivunia ugunduzi huo, maskini, akawafundisha wenzake. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Stella, binti wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita na kumtafutia kazi hapohapo.

Ndoo ile ilitoa mvuke uliochoma macho na koo. Nao mvuke haukuwa na pa kutokea, maana mzee Rogath alikuwa ameyapigilia misumari madirisha ya chini baada ya wezi kuvuta mashuka kwa fimbo. Zita akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu: mara mbili, kisha kimya. Miaka ikapita, na ile njia ya kwao aliyokuwa akiipanda na mkungu wa ndizi kichwani ikawa inamkalisha chini mara tatu, mikono mitupu.

Mwaka 1998 ikaja barua kutoka chuo kikuu. Daktari mmoja kijana, Ebenezeri, alikuwa akitafiti afya za watu wanaofanya kazi na dawa za kusafishia, akaomba kuja kuwapima. Mzee Rogath hakuwa mtu mbaya, alikuwa mbishi tu. Akawaita wote uani.

"Nimechoka na kukohoa kwenu," alisema. "Huyo daktari akisema kazi hii inawaumiza, madumu nayatupa na madirisha nayafungua, tunarudi kwenye sabuni. Akisema haiwaumizi, sitaki tena kusikia neno kifua."

Zita alishukuru Mungu. Chake alijua kimeshakwenda. Alichokililia ni kifua cha Stella, ambaye bado alikuwa akipanda ngazi na ndoo mbili huku anaimba.

Basi sikia kosa lenyewe. Kwa Zita, ugonjwa ulikuwa kifuani mwake, na daktari angeukuta humo. Nyumba ilikuwa jambo lingine kabisa. Nyumba inapokea mgeni. Ungemkaribishaje daktari kutoka Dar kwenye harufu ile? Siku mbili kabla hajafika, Zita akaazima nyundo, akang'oa misumari yote, akayafungua madirisha; mzee Rogath akakubali yabaki wazi mpaka majibu yaje. Madumu akayaficha kwa jirani. Yeye na wenzake wakasugua kila kigae kwa sabuni ya mche na maji ya moto, magoti chini, wakapanga na maua mlangoni. Nyumba ikanukia kama zamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Zita, na alimaanisha hivyo hasa.

Ebenezeri akaja. Aliwapulizisha mmoja mmoja kwenye bomba la mashine yake, kisha akawafunga viunoni vijipampu vidogo vya kuvuta hewa ya mle ndani ikapimwe, akawaambia wafanye kazi kama kawaida. Kutwa nzima walifanya kazi, na mgeni akiwa ndani hakuna aliyethubutu kwenda kuleta madumu. Jioni daktari akasimama kwenye mlango wa choo, akavuta pumzi, akakunja uso kidogo.

"Mama, siku zote mnasafisha namna hii?"

"Siku zote, mwanangu," Zita alijibu, kichwa juu. "Sisi si watu wachafu."

Daktari akaandika.

Majibu yalifika baada ya miezi mitatu, yakasomwa palepale uani. Pumzi ya Zita ilikuwa nusu ya pumzi ya mwanamke mwenye afya wa umri wake. Lakini hewa ya kazini haikuwa na kasoro yoyote, kwa hiyo huenda chanzo kilikuwa moshi wa kuni za jikoni kwake. Mzee Rogath akaikunja barua bila kucheka wala kufoka. Alikuwa ameahidi, na ahadi yake aliitimiza. Akaenda kuchukua misumari.

Ni nyundo ile iliyomfumbua macho Zita. Msumari wa pili haujaingia, akaelewa kwamba daktari alikuwa amepima hewa ya sabuni, akakaa chini kwenye saruji na kulia kwa sauti. Alipomweleza mzee Rogath, aliambiwa barua ina mhuri. Akaenda posta kumpigia simu Ebenezeri. Akamsimulia yote.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa mgeni wetu."

Daktari alisema utafiti umeshafungwa na mashine zimepelekwa mkoa mwingine. Aliahidi kuandika upya. Labda aliandika. Moshi haikufika barua nyingine.

Zita alifanya kazi mwaka mmoja zaidi, kisha pumzi ikamkatalia. Funguo za stoo ya madumu alikabidhiwa Stella. Zita alimsihi aache, arudi Kibosho wapalilie kahawa. Stella akamuuliza, kahawa ya bei ipi, mama mkubwa? Zita akapanda Kibosho peke yake.

Asubuhi moja ya Jumamosi alikata jani la sale kwenye mpaka wa shamba, akalifunga fundo kama wanavyofanya wazee. Ukipelekewa sale huna ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama umeuliwa ndugu. Akateremka taratibu mpaka mtaa wa Pasua mjini, alikopanga Stella.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mbona umekuja mwenyewe na kifua hicho?"

"Marahaba, mwanangu." Zita akapiga magoti mbele ya mtoto aliyemlea, akanyoosha mikono miwili. "Ndoo ile nilikufundisha mimi. Na madirisha nilifungua mimi, siku ambayo kama yangebaki yamefungwa ungepona. Nisamehe."

Stella alianza kulia, akamwinua. "Mama, ulitaka tuonekane watu. Nimekusamehe. Tena mimi sina shida, niangalie, niko mzima."

Akalipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kisha akageuza uso pembeni, akakohoa mara mbili, akanyamaza.