Walipokuja Kuniuliza Mlangoni

Mjukuu wangu, siku ya nikahi yangu naikumbuka hata leo. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati, vile hupiga hapa Kericho kila alasiri, nami nimeketi chumbani na hina mikononi. Uhuru ulikuwa bado mpya. Mimi na Chebet, rafiki yangu wa darasani, tulikuwa tumeitwa hospitalini tukasomee uuguzi. Chebet alikuwa ameshashona sare. Mimi nilikuwa nimeposwa na mwenye duka wa Sigor, mtu wa rika la baba yangu, aliyefiwa na mke.

Baba, aliyekuwa na bucha mjini, alikuwa mpole, lakini hakutaka wazee wa msikiti waseme binti yake analala bweni na Wakristo. Nyanya ndiye aliyenifunza la kufanya.

"Sheikh akikuja kukuuliza, wewe nyamaza tu. Msichana wa adabu haongei. Ukilia pia ni sawa."

Basi sheikh akaja na mashahidi, akasimama nje ya pazia, akauliza kama nimekubali. Nikanyamaza. Akasubiri. Akauliza tena, polepole, akitaja jina langu na la baba. Mwanangu, neno hapana lilikuwa limefika mdomoni kabisa! Nikalia badala yake, na wanawake wakapiga vigelegele.

Sitamsingizia mume wangu, Mungu amrehemu. Hakunipiga wala hakuninyima chakula. Alinifungia tu nyumbani, nikawa mtu wa kutoka kwenda matanga na kliniki tu. Na huko kliniki, aliyewadunga watoto wangu sindano alikuwa Chebet, kofia nyeupe kichwani.

"Kwani ulikataa kuja?" akaniuliza.

Nilirudi nyumbani nikashindwa hata kupika.

Mume wangu alipofariki, yule sheikh alikuja kunipa pole, sasa mzee wa kutembelea bakora. Nikamwambia bila kuficha kwamba waliniozesha kwa nguvu. Akaweka kikombe chini.

"Binti yangu, si nilikuuliza? Ungesema hapana, ningevaa viatu nikaenda zangu. Hiyo ndoa singeifunga."

"Nyanya aliniambia ninyamaze."

"Swali lilikuwa lako, si la nyanya yako." Kisha akainama. "Niliskia ukilia, nikachukua kilio kuwa ndiyo. Hata mimi Mungu ataniuliza."

Nilikasirika, wala si kwake peke yake. Haki yangu ililetwa mpaka mlangoni, ikasimama pale ikisubiri, na watu walionipenda ndio walionifunza kuiacha iende. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa wewe utaulizwa Ijumaa. Sikuambii ukatae, kijana mwenyewe namwona ana heshima. Nakuambia ujibu. Kama ni ndiyo, iseme mpaka walio uani wasikie. Kama ni hapana, sema hapana, wala usihurumie pilau, majirani watakula. Lakini usilie, mjukuu wangu, maana machozi watayapa maana wanayotaka wao. Nitakuwa nimeketi kando yako. Sauti ikikwama, nifinye tu, nami nitawaambia wasubiri mpaka irudi, hata kama ni mpaka magharibi.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka, na akujalie nyumba ambayo neno lako litasikika.