Ndizi za Ng'ambo ya Mto

Mkahawani ninakohudumu, katikati ya Sydney, nilifungua chupa ya mvinyo wa nchi ya Georgia uliochachushwa ndani ya mtungi uliozikwa ardhini. Lebo ilitaja bonde zilikolimwa zabibu zake. Mvinyo wa zabibu za pengine hauruhusiwi kuitwa kwa jina hilo. Mvinyo ulinukia udongo uliolowa.

Nilipokuwa mtoto, Bibi alinukia hivyo akigawa pombe ya ndizi kwenye harusi ya shangazi. Mwaka ule ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umemaliza migomba yetu. Wageni wakaisifu pombe, nami nikajigamba, "Ni ya kilima chetu!"

Bibi akashusha kibuyu. "Mjukuu wangu anawadanganya. Ndizi ni za jirani zetu wa ng'ambo ya mto. Wasifuni wao."

Nilimnunia siku nzima.

Mteja niliyemmiminia mvinyo ule akaniuliza natoka wapi. Huwa najibu, "Afrika." Safari hii nikataja kilima chetu kwa jina lake.