Mawe Yaliyoloweka Nyuma ya Nyumba

Nilipoanza kuongeza mawe kwenye tangi langu la samaki wa maji ya chumvi, jirani yangu wa mtaa wa Hewa Bora, mjane wa mfanyakazi wa mgodi, aliacha kunisalimu. Alikuwa akiniona nachanganya simenti na chumvi ya mawe, kisha naloweka mabonge yaliyokauka kwenye pipa na kuyabadilishia maji.

"Baba, unasukula nini mule?" aliniuliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Naosha mawe ya samaki, mama. Chumvi ikiyeyuka inaacha matundu, samaki wanajificha ndani."

"Samaki iko na haya ya nini?"

Hakuniamini. Katika mji huu wa migodi, mbali na bahari, mtu akiosha mawe nyuma ya nyumba, watu wanafikiria ni madini ya kobalti. Nami nilianza kumshuku yeye siku nilipokuta jiwe moja halipo. Nikalisogeza pipa chini ya dirisha langu.

Jumapili baada ya misa alibisha hodi, jiwe mkononi.

"Nilipeleka kwa benye kununua madini," alisema bila kuniangalia. "Balinicheka. Banasema ni simenti tu."

Nilimkaribisha ndani. Alisimama muda mrefu mbele ya kioo cha tangi, akiwatazama samaki wakiingia na kutoka matunduni.

"Na hii maji ya bahari," akauliza polepole, "unaitoaka wapi?"